Bamvua Moja Jambiani

Jumatatu, mwezi 12 (mwezi mwandamo)

Boti ya asubuhi kutoka Dar ilijaa, nikalipakata begi la kamera kama mtoto mchanga hadi Unguja. Kazi inayonilisha ni harusi: keki, shela, na mashangazi wanaotaka wapigwe upya kwa sababu walifumba macho. Mandhari napiga kwa pesa yangu, wikiendi ambazo hakuna anayeoa.

Na nikiri mapema: miaka yote nimepiga mandhari kwa kuwangoja watu waondoke. Mvuvi akikatiza, nangoja. Mama akipita na ndoo, nangoja. Nyumbani nina picha za Uluguru ambazo ukizitazama utadhani mlima ule haujawahi kukanyagwa, wakati nyuma ya kamera walikuwa wamesimama watoto saba wakishindana kunisemesha. Safari hii nimejipa sharti: kila picha iwe na mkono wa mtu ndani yake, hata kama mwenye mkono haonekani.

Mjini nilipita Mtaa wa Kenyatta, kwenye Capital Art Studio, duka la picha alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Kuta zimejaa picha za zamani, nyeusi na nyeupe. Nilitafuta ya pwani tupu, bila chombo wala mtu, kwa ubishi tu. Sikuiona.

Daladala la 309 liliondoka lilipojaa, yaani lilipojaa mara mbili. Kwenye msitu wa Jozani tulipunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, maana magari yalikuwa yakiwagonga. Kima huyu hapatikani kwingine kokote nje ya Zanzibar, na ana tabia ya kula mkaa. Anafuata majani ya miembe na mikungu kwenye mashamba ya watu, majani yanamsumbua tumboni, basi anaokota mkaa pale palipopikwa au palipochomwa. Mnyama wa msituni ambaye dawa yake iko jikoni kwa binadamu. Nilijaribu kumpiga kupitia dirishani, nikapata kiwiko cha abiria mwenzangu.

Jambiani nimefikia kwa bibi wa rafiki yangu. Baada ya shikamoo na chai aliniuliza nimekuja kupiga nini.

"Pwani, bibi."

"Pwani ipi? Ya maji kujaa au ya maji kupwa?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakungoja.

Jumanne, mwezi 13

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mchangani, tripodi imesimama, kama nilivyojifunza: mwanga mzuri ni wa mapambazuko na wa machweo. Jua lilitoka baharini jekundu. Maji bado yalikuwa yamefunika kila kitu, laini kama kioo. Ngalawa tatu zilifunua matanga zikaufuata mwamba, upepo wa kusi ukizisukuma ubavuni. Nilipiga fremu arubaini. Nzuri zote, na zote nilikuwa nimeshawahi kuziona kwenye kalenda.

Kufika saa mbili na nusu maji yalikuwa yametoka sana. Palipokuwa na kioo pametokea mchanga, vidimbwi, majani ya baharini yaliyolala upande mmoja, na mbali kabisa msitari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Ndipo watu walipotoka majumbani. Akina mama na viroba, wazee na madema, ile mitego ya samaki, vijana na vyuma vya kuchokolea pweza. Pwani nzima ikawa na shughuli kama sokoni. Na jua likawa kali.

Jioni nilimlalamikia bibi kwamba wiki hii saa za maji zimenikalia vibaya. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Si wiki hii, alisema. Bamvua la hapa, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, hukupwa kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, mwaka mzima, toka yeye msichana. Maji yanayokupwa alfajiri na alasiri ni maji mafu, na maji mafu hayatoki vya kutosha kumfikisha mtu kwenye shamba lake la mwani.

Nililala na hesabu hiyo. Bahari hapa huwafungulia watu mlango saa zile zile ambazo vitabu vya upigaji picha vinakwambia urudishe kamera kwenye begi. Anayefuata mwanga wa alfajiri peke yake atarudi na bahari isiyo na watu, kisha aamini kwamba ndivyo ilivyo.

Jumatano, mwezi 14

Saa tatu niliwafuata akina mama wanne. Walivaa soksi nene na raba za plastiki kwa ajili ya miiba ya chini. Mimi nilivaa kandambili, na baada ya hatua mia nikaelewa. Mwendo wa dakika ishirini, maji kifundoni, halafu magotini.

"Shikamoo mama," nilimwambia aliyekuwa nyuma, mtu wa makamo ya sitini hivi.

"Marahaba mwanangu. Wa bara wewe?"

"Wa Dar es Salaam."

"Na dude hilo?"

"Kamera, mama."

"Kamera naiona. Nakuuliza la kazi gani."

Nilijieleza. Nikaomba ruhusa ya kumpiga akiwa kazini, hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Alifunga kanga kiunoni vizuri kabla ya kujibu.

"Mgongo huu ushapigwa mpaka umechoka. Kila mgeni anakuja kupiga mgongo wangu, anakwenda nao kwao. Mimi nnajijua. Wewe nipigie shamba."

Shamba la mwani, kwa asiyeliona, ni kamba zilizotandazwa kati ya vigingi vya miti vilivyokitwa mchangani, msitari kwa msitari kama matuta ya viazi. Kwenye kila kamba kuna vikamba vidogo wanavyoviita tai-tai, na kila tai-tai imebeba kipande cha mwani cha kiasi cha kiganja. Mama alikaa ndani ya maji, miguu ameikunja, akawa anafunga mbegu. Kipande mkono wa kushoto, kitanzi mkono wa kulia, anakizungusha mara moja, anavuta kwa kidole gumba, kisha anakitikisa kidogo kukisikiliza. Ikibana sana, tai-tai inaukata mwani. Ikilegea, wimbi linauchukua. Alifunga kumi wakati mimi nikifunga kimoja, na changu alikifungua akakifunga upya bila kusema neno.

Zao lenyewe ni la juzi tu. Kilimo hiki kilianza upande huu wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kuna aina mbili: spinosamu, na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Kotonii haivumilii joto. Maji ya miezi ya kaskazi yanapochemka kwenye vina vifupi, inageuka nyeupe, inalainika, inakatika, na kazi ya wiki sita inaelea mpaka ufukweni. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi hawajui kuogelea, kwa hiyo kuambiwa wahamie kina kirefu chenye maji ya baridi ni ushauri mwepesi kwa anayeutoa tu. Mwani ukikauka husafirishwa nje, unatolewa karagineni, ile inayoshikamanisha dawa ya meno na aiskrimu. Wakulima wenyewe wanabaki na spinosamu na bei yake.

Nilipoanza kupiga shamba niligundua kitu kilichonifurahisha kama fundi. Jua la saa nne, lile ninalolikimbia kila siku, ndilo linaloingia chini ya maji. Alfajiri bahari ni kioo, inakurudishia mbingu tu. Mchana inafunguka. Niliweka kichujio cha polaraizi nikakizungusha taratibu, mng'aro ukaondoka, na kamba zote zikajitokeza chini, za kahawia juu ya mchanga mweupe, na vivuli vyake pembeni. Kwa droni ingekuwa rahisi zaidi, ila droni inataka kibali, na mama huyu angeiangusha kwa jiwe.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata."

"Umepata pembe zote nne?"

Hapo ndipo aliponieleza alichokuwa akitaka. Shamba la baharini halina hati. Mpaka wako unaujua wewe na jirani yako, na unaupata kwa alama za nchi kavu, kama mvuvi anavyolipata eneo lake la samaki. Pembe yake ya kusini ni pale ambapo mnara wa msikiti unaingia nyuma ya mvinje uliopinda, sawasawa, usionekane kulia wala kushoto. Ya kaskazini inashikwa na tangi la maji na mnazi usio na kichwa. Zamani hapakuwa na haja ya kuyasema haya. Sasa wageni wanaoteleza majini kwa kuvutwa na vishada wanapita juu ya mashamba, wanavunja vigingi, na hoteli moja ya jirani imeanza kusema pale palikuwa wazi tangu mwanzo, mwani ni uchafu unaowachukiza wageni.

"Basi nipigie," alisema, "kigingi changu, na mnara, na mvinje. Mtu akija kuniambia hapa si pako, nimuoneshe."

Kwa miaka kumi na moja ya kushika kamera, hakuna aliyewahi kuniagiza picha ya mandhari. Hii ilikuwa ya kwanza.

Alhamisi, mwezi 15

Leo nimefanya ujinga, nauandika kama ulivyo.

Bamvua limefika. Nilikwenda mbali kupita mashamba, kwenye fungu la mchanga karibu na mwamba, nikapige vijana wanaochokoa pweza. Mmoja alinionesha kwa chuma chake: tundu la kawaida kabisa, ila mbele yake kuna vipande vya kombe vilivyopangwa kama takataka mbele ya mgahawa. "Kala, katupa nje." Alichokoa, na mkono mmoja wa pweza ukatoka kujizungusha kwenye chuma. Mandhari nzima ile, kilomita za mawe, kijana huyu anaisoma kwa mabaki ya chakula.

Nikazama katika kazi. Vijana waliondoka, sikuwaona. Mimi nilikuwa naangalia mbele, upande wa bahari, nikijua kwamba maji yakija yatatokea huko. Hayakutokea huko. Kati ya fungu na nchi kavu kuna mkondo, na mkondo hujaa kwanza. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na mto wa kijani unaotembea.

Nilivuka maji yakiwa kifuani, begi kichwani, tripodi kwapani. Katikati mguu uliteleza. Begi lilisalimika, lakini lenzi niliyokuwa nimeitia mfukoni, ile ya kuvutia vitu vya mbali, ilikunywa maji ya chumvi na hivi sasa iko ndani ya ndoo ya mchele wa bibi, ambao hautaisaidia. Sasa nimebaki na lenzi pana tu. Mzee aliyekuwa akitengeneza dema ufukweni aliniangalia nikitoka, akasema, "Maji hayapigi hodi," kisha akaendelea na dema lake.

Nilikuwa natembea nimelowa, nimekasirika, nikajikwaa kwenye duara la mawe. Mbele yake lingine. Nikaanza kuyahesabu: ufukwe mzima, sehemu ambayo maji huja na kuondoka, umejaa marundo ya mawe ambayo siku zote tatu nilikuwa nayaruka. Chini ya kila rundo kuna makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani yaoze, miezi kadhaa, maji ya chumvi yakipita juu yake kila siku. Yakiiva yanafukuliwa, yanapondwa kwa kipande cha mti mpaka nyama yote inatoka na kubaki usumba, na usumba ndio kamba. Bibi mmoja alikuwa akiponda, harufu imesimama kama ukuta. Nilimuuliza anajuaje mawe yake. Akanijibu kwa kuniuliza kama mimi nalijua godoro langu.

Kamba kama hizo ndizo zilizoshona mitepe, vyombo vilivyosafiri mwambao huu bila msumari. Nilipiga duara la mawe kwa lenzi pana, nimelala kifudifudi, mawe mbele na bahari nyuma. Ni picha bora ya siku, na nisingeiona kama ningetoka majini nikiwa mkavu.

Ijumaa, mwezi 16

Pwani kimya, wengi hawakushuka. Kijana wa hapa alinipeleka Kuumbi, pangoni, kupitia uwandani. Ukiambiwa uwanda usifikirie majani mabichi. Ni jiwe la matumbawe lililotoboka-toboka, na kwenye vishimo vyake, penye udongo wa kujaza sufuria, mtu kapanda mhogo au kunde. Shamba la sufuria mia mbili. Mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri, nikapiga mhogo mmoja uliosimama katikati ya jiwe.

Pango lenyewe limefunguka juu, na mizizi ya miti imeshuka mpaka chini kama kamba zilizosahauliwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo dalili za watu wa miaka 20,000 hivi iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia. Wakati huo bahari ilikuwa chini sana na Unguja ilikuwa sehemu ya bara, mtu angetoka Bagamoyo akafika hapa kwa miguu. Nilisimama nikijaribu kuwaza pundamilia Jambiani, nikashindwa, nikawaza daladala.

Kwenye kona moja palikuwa na vitambaa na chupa ya marashi. Kijana aliniambia hapo nisipige, na sikupiga. Nilifunga kifuniko cha lenzi, tukakaa kidogo kwenye baridi ya jiwe, tukarudi kwa ajili ya sala.

Usiku mwezi ulichelewa kidogo kutoka. Bibi alikuwa amekaa kibarazani. Nilimuuliza ile pwani aliyoniuliza siku ya kwanza, yeye anaipenda ipi. Alisema anaipenda ya usiku wa bamvua, watu wakishuka na taa kutafuta pweza, maana ukiwa huku juu unaona nyota zimeteremka. Nikaichukua tripodi. Sekunde thelathini, mlango wa lenzi wazi kabisa. Kila taa ilichora njia ya mtu wake, inasimama, inarudi nyuma, inazunguka jiwe. Sikuwaona watu wenyewe.

Jumamosi, mwezi 17

Nilimletea mama wa mwani picha za Jumatano kwenye skrini ya kompyuta, nikiwa na fahari. Alikuwa akianika mwani uani, juu ya makuti. Alifuta mikono, akaangalia ya kwanza, akatikisa kichwa kuikubali. Ya tangi na mnazi, akaikubali. Akafika kwenye ile niliyoipenda kuliko zote, ya pembe ya kusini, kigingi mbele, kamba zinakimbilia nchi kavu, wingu moja limekaa mahali pake.

"Hii ya jirani," alisema.

"Hapana mama, ni kigingi chako. Ulinionesha mwenyewe."

"Kigingi changu. Lakini umesimama kwa jirani. Tazama mnara."

Niliukuza. Mnara ulikuwa umetoka kulia mwa mvinje, upana wa kidole. Nikakumbuka: nilisogea hatua mbili kushoto, kwa sababu mnara ukijificha nyuma ya mti fremu inakosa kitu cha kushika jicho. Kanuni ya mwanzo kabisa, usipange vitu viwili vikae juu ya kimoja. Kwa hatua hizo mbili nilikuwa nimemnyang'anya kamba tatu.

Saa tano maji yalikuwa nje, nikarudi naye. Hakuna wingu hata moja. Jua utosini, vivuli vyeusi vimejikunja chini ya kila kitu. Alisimama nyuma yangu akinishika bega, akinisogeza kama anavyosogezwa mtoto kwenye mstari wa skuli. Kulia. Bado. Umepita. Rudi. Simama. Kwenye kioo cha kamera mnara ulizama nyuma ya mvinje, ukabaki mti peke yake, umepinda, na kigingi chake mbele kikiwa kimeota majani ya bahari.

"Hapo," alisema.

Jumapili, mwezi 18

Daladala, kima punju (leo nilimpata, ameshika kitu cheusi mkononi, picha imetikisika), boti, foleni ya bandarini, nyumbani saa moja usiku. Lenzi imekufa rasmi. Jumamosi ijayo nina harusi Tabata.

Ijumaa, mwezi 23

Picha nne za pembe nilizichapa kwenye karatasi ngumu, ukubwa wa A3, nikazipitisha kwenye plastiki zisilowe, nikampa rafiki yangu aliyekuwa anavuka Jumatano. Nyuma ya kila moja niliandika kwa kalamu ya wino usiofutika jina la alama zinazoonekana na tarehe, kwa maneno aliyonitajia yeye. Nakala ya ile ya kusini nimejichapia na mimi, nimeitundika mezani. Haina wingu, na katikati ina mti tu.

Jana Alhamisi usiku simu ililia, namba nisiyoijua. Mama. Alisema zimefika, ziko kabatini, ndani ya mfuko pamoja na cheti cha ndoa. Kisha akampa simu mtu mwingine, na sauti ngeni ya kike ikanisalimia, ikaniuliza bei, ikasema shamba lake ni lile la kando, linaanza pale mnara unapotoka kulia mwa mvinje, upana wa kidole. Nikamwambia hiyo ninayo tayari.